Mkate wa Kumi

Mwezi uliopita nilitoka kanisani mahubiri yakiwa katikati. Sikutoka kwa kunyata. Nilisimama, nikapita mbele ya magoti ya watu wa safu nzima, nikaelekea mlangoni huku viatu vyangu vikilia sakafuni. Mhudumu wa mlangoni akaninong'oneza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimeshiba.

Mhubiri alikuwa anatufundisha kutoa. Alisema fungu la kumi ni mtaji. Unamwekea Mungu, naye anakurudishia na faida juu. Kisha sauti ikashuka, akasema asiyetoa asimlaumu mtu nyumba yake ikiingiwa na maradhi, wala watoto wake wakipatwa na jambo. Watu wakaitikia amina. Mimi nikamwona mama yangu, ambaye tumemzika mwaka huu huu, amepiga magoti mbele ya tanuri lake kule Kismayo, unga mpaka kwenye viwiko, na mdogo wangu Elia ameng'ang'ania kanga yake kwa nyuma. Nikajua nikibaki pale nitapiga kelele.

Nyuma ya kanisa, kwenye kichochoro cha Mombasa ambacho nimekipita miaka mingi, mwanamke mmoja alikuwa anapika mikate ya mofa. Wenzangu mliokulia pwani ya kaskazini mnaijua harufu hiyo: mtama uliochacha ukikutana na udongo wa moto, uchachu na moshi pamoja, harufu inayokamata koo kabla ya pua. Nilinunua mmoja nikaula nimesimama, na nguo zangu za ibada, chembe zikinidondokea kifuani. Nikaona kwamba nina la kumjibu yule mhubiri. Jibu lenyewe ni refu, na halimhusu yeye peke yake.

Sisi hatukuwa wenyeji wa Kismayo. Baba na Mama walikuwa Wapokomo wa Mto Tana, Wakristo tangu babu zao. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti. Alikwenda Kismayo kutafuta kazi kabla sijazaliwa, na kazi ikamshika. Tulikaa mtaa wa Wabajuni, karibu na pwani, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa jirani yetu, Bi Mwanaesha.

Bi Mwanaesha alikuwa mjane kutoka kisiwa cha Ngumi, mwembamba, mkali wa maneno, mikono yake haikosi ukili wa mkeka. Ndiye aliyemfundisha Mama kupika mofa. Mama aliingia mtaa ule bibi arusi asiyejua mtu, na siku chache tu baadaye Bi Mwanaesha alikuja na udongo kichwani, akamjengea tanuri uani kwa mikono yake, akamkemea mpaka akajua kuubandika mkate kwenye ukuta wa tanuri bila kuungua. Mama alipomuuliza amlipe nini, alimjibu, "Mchu hulipwa kwa kazi. Hii si kazi, ni ujirani." Kwa Kibajuni chake mtu alikuwa mchu na kitu kichu, na mimi nilikuwa nikimwiga mpaka anikimbize na ukili wake mkononi.

Mama alipika kila asubuhi, na mikate ikaenda sokoni kwenye sinia. Mikate tisa ilikuwa yetu, ya kuuza na ya kula. Wa kumi, kila ulipofika, aliutoa tanurini kwa namna nyingine. Aliupuliza, akaufuta majivu kwa ncha ya kanga, akaugeuza kuona kama umeiva pande zote. Kama umeungua aliutia kwenye yetu, akachagua mwingine mzuri zaidi. Halafu akaulaza kwenye kikapu cha peke yake chenye kifuniko, huku anaimba. Hapo ndipo paliponishangaza. Tisa ilitoka kimya, jasho likimtiririka shingoni. Wa kumi ulitoka na wimbo, na siku nyingine na kiuno kikichezeshwa kidogo, mpaka Baba akapaliwa na chai yake kwa kicheko.

"Huo wa nani?" nilimuuliza siku moja.

"Wa Bwana. Fungu lake."

Mtaani kwetu kila nyumba ya pili ilikuwa na bwana fulani, kwa hiyo sikuona ajabu. Nilimtengeneza kichwani mwangu: mtu mnene, kanzu nyeupe, anakaa karibu na bandari, hana mke wa kumpikia. Nilimhurumia. Kila Jumapili Baba alibeba kikapu mpaka chumba kimoja nyuma ya ghala, ambako familia chache za Kikristo za mji ule zilikutana kuomba, na tuliporudi kikapu kilikuwa kitupu. Nilimtafuta Bwana chumbani mle ibada nzima. Niliona tu mzee anayekohoa, mama mmoja aliyefiwa na mumewe, na wasichana wa kazi za ndani, waliotoroka kwa muda mfupi kuja kusali. Nao ndio waliotoka na mikate kwapani. Nikajua ni watumishi wake, wanampelekea.

Lakini mtu anayepelekewa chakula kila wiki hana budi awe na nguvu za kumwadhibu asiyempelekea. Jambo hilo lilinikosesha raha. "Asipopewa atatufanya nini?" nikamuuliza Mama.

Aliacha kukanda. "Nani?"

"Bwana. Tusipompa mkate wake."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona mimi sicheki, akanivuta karibu, mikono yake ikaniachia unga mabegani. "Hatatufanya kitu, Dina. Yeye alinipenda wakati sina hata unga. Ndiyo maana naimba. Ningekuwa natozwa, ungeniona naimba?"

Niliitikia kwa kichwa kama mtoto aliyeelewa. Sikuelewa.

Kisha vita vikaja. Baba alikuwa akisema vita vya Mogadishu vitaishia Mogadishu, lakini havikuishia. Kundi moja la watu wenye bunduki liliingia mjini, likatolewa na jingine, na kila lililoingia lilipita nyumba kwa nyumba likichukua. Wabajuni hawakuwa na jeshi la kuwatetea, basi mtaa wetu ukawa kama jokofu la kila mwenye bunduki aliyesikia njaa. Familia za Kikristo zikaondoka moja moja, chumba nyuma ya ghala kikafungwa. Sisi tulibaki kwa sababu ya mashine. Athumani, mtoto wa Bi Mwanaesha, alikuwa na boti ambayo ingetutoa sote, wao na sisi, na mashine yake ilikuwa imekufa. Baba alikuwa akiihangaikia kila siku kwa vipande alivyoviokota huku na huku.

Jumapili ya kwanza tuliyokosa pa kwenda, Baba alikitazama kikapu cha mikate ya Bwana akasema, "Nadhani na Mungu ameona hali. Kanisa hakuna. Unga haupatikani. Tule yote."

"Chumba kimefungwa," Mama akasema. "Na neema imefungwa?"

"Mama Dina, usinihubirie."

"Sikuhubirii. Nakuuliza."

Baba akaendelea kujisugua grisi vidoleni. Mama akachukua kikapu, akanishika mkono, akaenda kubisha mlango wa pili.

Bi Mwanaesha alifunua kifuniko akachungulia. "Nini hiki?"

"Mkate."

"Nimeona ni mkate. Si ndio ule wenu wa kanisani? Mimi Mwislamu, Mama Dina. Sili sadaka ya kanisa."

"Mtama ni wa soko la hapa hapa. Tanuri umelijenga wewe."

"Sikukuuliza tanuri. Nakuuliza mkate wa nani."

"Wa Mungu," Mama akasema.

Bi Mwanaesha alimkazia macho. Nilidhani atafunga mlango. "Huyo tunamjua," akasema, akachukua mkate, akaukata nusu pale pale, na nusu ya pili akampa Athumani apeleke nyumba ya tatu kwa mgonjwa. Tangu siku hiyo mkate wa kumi ulikuwa wa mtaa wetu. Kwa kuwa unga ulipungua na kumi zilichelewa kufika, watu waliungoja, na Mama aliupeleka akiimba kama zamani, milango ikiwa imefungwa na risasi zikisikika upande wa bandari.

Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Kila wenye bunduki walipoingia nyumba ya mtu, wakubwa walinong'onezana, "Wamekuja kuchukua fungu lao." Fungu. Neno lile lile la Mama. Nikaona sasa kila kitu kimekaa sawa: Bwana amehama bandarini kwa ajili ya vita, na sasa anatuma watu wake.

Waliingia kwetu asubuhi, jua limeshapanda. Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa na shavu lililojaa mirungi. Wa pili alivaa miwani ya jua ya kike yenye fremu nyeupe. Wa tatu alisimama mlangoni. Walimkalisha Baba chini, mikono kichwani. Wakachukua gunia letu la unga, ambalo lilikuwa robo tu, redio, sinia, blanketi. Yule wa miwani akaanza kukunja godoro. Elia alikuwa analia mgongoni kwa Mama.

Nilipoona wanataka kuondoka nikashtuka, maana wamesahau jambo lenyewe lililowaleta. Nilikimbia uani, nikaja na kikapu, nikamnyooshea mkubwa wao kwa mikono miwili, kwa adabu, kama nilivyofundishwa. "Hili hapa fungu la Bwana wenu," nikamwambia kwa Kisomali.

Alifunua akacheka. "Bwana wetu? Mpe salamu zetu." Akakitia kikapu mkononi.

Mama alimfungua Elia mgongoni, akamweka mapajani kwa Baba. Kisha akaenda mpaka mbele ya yule mtu, akanyoosha mkono. Kisomali chake kilikuwa cha kuuzia mikate sokoni, hakikuwa na maneno ya kubembeleza.

"Unga chukua," akasema. "Godoro chukua. Hicho rudisha."

"Kwani kina nini?"

"Mkate."

"Mkate ni mkate."

"Unga umeninyang'anya. Huu nimeshautoa. Si wangu tena, huwezi kuninyang'anya."

"Mama Dina, waachie," Baba akasema pale chini, sauti imekauka. "Waachie, nakuomba."

Mama akashika mpini wa kikapu. Yule mtu akampiga kwa kitako cha bunduki, hapa, kwenye mfupa ulio chini ya shingo, na mimi niliusikia ukivunjika. Alikaa chini ghafla kama mtu aliyesukumwa. Mkono wake mmoja ukalegea, wa pili haukuachia mpini.

Wakati huo Bi Mwanaesha alikuwa ameshaingia kwa mlango wa uani, mtandio umemwanguka mabegani, akipiga kelele kwa Kisomali kizuri kuliko chao. "Hiyo ni sadaka! Mnawapokonya wagonjwa midomoni? Nyinyi mna mama nyinyi?" Sadaka ni neno moja kwa lugha zote mbili. Yule wa mlangoni akasema taratibu, "Iache." Mkubwa wao akakitazama kikapu kama kimemchoma, akakiachia, mikate ikabingirika kwenye mchanga. Akatema mirungi, akatoka.

Yule wa miwani alikuwa wa mwisho, godoro letu begani. Alisimama. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama mikate. Mama aliona macho yake yalipoangukia. Aliokota mmoja kwa mkono uliobaki mzima, akaufuta mchanga kwa ncha ya kanga, akaunyoosha kwake.

"Una njaa," akasema. "Huu nakupa."

Yule mtu alitupa jicho nje. Kisha akavua miwani, mpaka leo sijui kwa nini, akaupokea kwa mikono miwili, akautia ndani ya shati, akaondoka mbio na godoro letu.

Sijawahi kumwona Baba amekasirika kama saa ile. Alikuwa anamfunga Mama bega kwa kipande cha shuka. "Umempa mkate! Wamekuvunja mfupa, wametuachia kuta, na wewe unampa mkate!"

"Ndicho nilichokuwa nacho," Mama akasema, uso umejaa jasho la maumivu. "Na kile walichochukua hawakupewa na mtu. Nilitaka atoke hapa na kitu alichopewa."

Nyumba nzima haikubaki na chakula ila mikate ile ya Bwana. Baba aliitazama, akatutazama sisi. Mama ndiye aliyeamua. Alitutuma tuwaite Bi Mwanaesha na Athumani, na yule mgonjwa wa nyumba ya tatu akabebwa. "Leo na sisi ni maskini wa mtaa," akasema. "Kaeni. Leo Bwana anatulisha." Tukala pamoja mikate yenye mchanga, ikitukwaruza meno. Na mimi, nikitafuna, nilianza kuona kwamba yule mtu mnene wa kanzu hayupo, kwamba nimekosea mahali fulani, ila sikujua wapi.

Siku ya pili yake mashine ya Athumani ilikubali, tukaondoka alfajiri, watu wengi kuliko boti. Nakumbuka kutapika, na kichwa cha Elia kilivyokuwa moto pajani pangu.

Najua mnachosubiri. Nimesimulia habari hii mara nyingi, na kila mara watu hunitazama hivyo hivyo, wakingoja nimrudishe yule mtu wa miwani. Wanataka awe kwenye kizuizi fulani, atutambue, atupitishe, ili mkate uwe umelipa. Hatukumwona tena. Wanataka angalau Mungu awe amemlinda Mama na watoto wake. Basi nitasema lililotokea.

Tulifika Ngumi, kwa kaka yake Bi Mwanaesha, tukapewa chumba na mikeka. Elia alikuwa na surua. Kisiwa hakikuwa na dawa, na pwani yote ya kule hakukuwa na pa kuipata. Mama alimlaza upande wa bega zima, akamnyonyesha alipokubali, na alipokataa akamlowesha midomo kwa kidole. Elia alikufa adhuhuri, watu wakiwa wanarudi kutoka msikitini.

Baba alitoka nje akauliza pa kumzika. Aliuliza kwa woga, kwani tulikuwa wageni na dini yetu nyingine. Kaka yake Bi Mwanaesha alikuwa mtu wa maneno machache. Alichukua jembe, akaenda mpaka ukingoni mwa makaburi ya jamaa zake, akaanza kuchimba mwenyewe. Baba akavua saa yake ya mkononi, akamnyooshea. Yule mzee akaitazama kama hajui ni kitu gani, akaendelea kuchimba.

Hatukuwa na nguo ya kumvisha mtoto. Mama alikuwa anakunjua kanga yake moja, ile ya unga, Bi Mwanaesha alipoingia na furushi lake. Akatoa bafta nyeupe mpya, imekunjwa kwa makini, ina karafuu katikati. Ilikuwa sanda. Alijinunulia yeye mwenyewe zamani, na katika vyote alivyoviacha Kismayo hiyo hakuiacha.

"Mvike mwanao," akasema.

Mama akarudi nyuma. "Bi Mwanaesha, hii ni yako. Siwezi."

"Hukuombwa uweze. Pokea."

"Nitakupa nini mimi?"

"Umenisikia nikikuomba kichu?" Akamwekea mikononi.

Mama, ambaye sikuwahi kumwona akipokea kitu bila kutafuta cha kurudishia, alikumbatia bafta ile akalia kwa sauti kubwa, kilio ambacho hakukilia alipovunjwa mfupa. Tukamzika Elia. Baba aliomba kwa Kipokomo. Watu wa Ngumi walisimama pembeni, viganja vimeinuliwa, wakiomba kwa maneno yao.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na harufu ya mofa. Nilitoka nje nikamkuta Mama mbele ya tanuri la wenyeji wetu, bega limefungwa, anahangaika na mkono mmoja. Aliniita nimsaidie. Nilikuwa nainama ndani ya joto, nabandika donge ukutani kama anavyonielekeza, naungua, sisemi. Unga ulikuwa kidogo mno. Tulitoa mkate wa kwanza, na Mama akaufuta majivu, akauweka pembeni, peke yake.

Niliuona nikajua. "Hata haijafika kumi!" nikasema.

"Haitafika. Basi leo ni wa kwanza."

Ndipo nilipopiga kelele. Nilimwambia Bwana amekula mikate yetu yote Kismayo. Nilimwambia amekula, na Elia amekufa. Nilisema maneno hayo kwa nguvu hata mwanamke wa nyumba akatoka kutazama, kisha akarudi ndani.

Mama hakunikemea. Alikaa mchangani, macho yamevimba, akanitazama kama anatazama mtu mzima mwenzake. "Wewe ulidhani nampa ili amlinde Elia?"

"Ndiyo."

"Hapana, Dina. Angekuwa wa kununuliwa kwa mikate, wenye maghala ya unga wangemnunua zamani. Wale wenye bunduki wangemnunua."

"Basi unampa kwa nini?"

Akasema, na sauti yake haikuwa ya kuhubiri, ilikuwa ya hasira. "Kwa sababu wamenichukulia nyumba. Wamenichukulia mkono. Na mwanangu amekwenda. Wanadhani sasa mimi ni mtu wa kunyang'anywa tu, mpaka nife. Mimi nina cha kutoa. Nilipendwa kabla sijawa na kitu, na jana nilivikiwa mwanangu nguo ya mwenzangu, bure. Sitakaa hapa na kiganja kilichokunjwa. Sitaki." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, mkono wake mzima ulikuwa na unga. "Leo siwezi kuimba. Lakini nitatoa. Haya, chukua. Kuna watu wamefika pwani."

Nilichukua mkate kwa hasira. Nilitembea mpaka mchangani nikiwa nimeukamata kama jiwe la kumpigia mtu. Mashua ilikuwa imetia nanga, imetoka upande wa Burgao, na watu walikuwa wamekaa mchangani na nguo zao zilizolowa, hawasemi, kama tulivyokaa sisi. Karibu nami alikuwa mwanamke mwenye watoto wawili, mdogo wao hajaota meno yote.

Aliuona mkate, akauona uso wangu. "Unauza?" akaniuliza.

"Siuzi."

"Sina cha kukupa, mwanangu. Mali yetu imebaki huko huko."

"Sikukuomba kitu," nikasema, na nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. "Chukua. Ule."

Aliupokea polepole, akiningoja nibadilishe mawazo. Akaumega, kipande cha kwanza akampa yule mdogo. Mkate ulikuwa bado moto. Mtoto aliuma, akashtuka, akautema kiganjani, akaukunjia uso kama umemtukana, akaupuliza pu pu pu na mate yakaruka, kisha akaurudisha mdomoni wote kwa pamoja, mashavu yakajaa, macho yakamtoka. Mama yake akacheka. Dada yake akacheka. Kitu kikapanda kifuani mwangu, nikajaribu kukizuia, kikanishinda nguvu.

Nikacheka. Udongo wa kaburi la Elia ulikuwa bado haujakauka, na mimi nilicheka kwa sauti pale mchangani, mbele ya watu nisiowajua, na sikumwomba mtu yeyote radhi.